Woka ya Mama baada ya upasuaji wa nyonga: miezi minne ya kuitumia

Mama yangu ana miaka 78. Aliteleza uani akienda kutawadha, nyonga ya kushoto ikavunjika, akapasuliwa na kuwekewa kiungo bandia. Kesho yake asubuhi akaja mtaalamu wa mazoezi: "Bibi, leo tunasimama." Nilikasirika, mtu kashonwa jana! Akanitoa nje ya wodi akanielewesha. Mzee akilala siku nyingi misuli inakwisha upesi, makohozi yanatuama kifuani na kuleta nimonia, damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, mgongo unaanza vidonda. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Kariakoo kutafuta woka, kile kifaa cha miguu minne cha kushikilia wakati wa kutembea.

Nilipata ya alumini, ya kukunja, isiyo na magurudumu, kwa shilingi 85,000. Ni nyepesi na imara. Mama ana kilo 49 na anainyanyua bila kuhema.

Tatizo letu lilikuwa urefu. Muuzaji alinikabidhi kama ilivyo, wala hakuniambia kwamba kila mguu una kitufe cha kurefusha na kufupisha. Wiki nzima Mama alitembea mabega yamempanda, akawa analalamikia bega kuliko hata nyonga. Mtaalamu alipokuja nyumbani alimsimamisha wima, mikono ikining'inia, akataka kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Tukashusha matundu mawili. Jioni ile Mama alifika barazani mwenyewe, akaketi, akaagiza chai. Nililia. Mwendo wenyewe ni huu: woka mbele, ufuate mguu uliopasuliwa, kisha mzima.

Lakini nisiseme woka ndiyo iliyomwinua. Usiku wa pili hospitalini Mama alichanganyikiwa, akimwita marehemu baba na kutaka kung'oa dripu. Nikajua akili ndiyo imeondoka. Nesi aliyekuwa zamu akauliza swali moja tu: miwani yake iko wapi? Ilikuwa nyumbani, kabatini. Alisema wazee wengi huchanganyikiwa hivyo baada ya upasuaji, na asiyeona vizuri wala kusikia sauti anazozijua huzidi kupotea. Tukaleta miwani, tukapokezana kukaa naye, na siku ya nne alikuwa ananiuliza kama kuku wamelishwa.

Chakula nacho. Mwanzoni tulimpa uji mtupu kwa kumhurumia, na hakuwa na nguvu ya kusimama dakika tano. Tulipoanza mayai, dagaa na maharage, mazoezi yakaenda. Dawa ya maumivu tunampa kama nusu saa kabla ya mazoezi, maana mwenye maumivu hasogei.

Turudi kwenye woka. Soli za raba zililika baada ya miezi mitatu, na kwenye vigae vyenye maji ikaanza kuteleza. Nunueni za akiba siku hiyohiyo mnayonunua woka. Pimeni pia mlango wa choo kabla ya kulipa, kwa sababu yetu haikupita. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa alikatazwa, basi fundi alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, tukakiweka chumbani.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya wiki ya bega, ambayo karatasi moja ya maelezo ingeiepusha. Mwenye nyumba ya ngazi asiitegemee hii kupandia.