Tochi ya mkononi au ya kufunga kwenye bastola: ununue ipi kwanza?

Kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaomiliki bastola kihalali kwa ulinzi wa nyumba, swali la tochi halikawii kuja. Msimamo wangu: nunua ya mkononi kwanza. Ya kufunga kwenye silaha ije baadaye, na ikija, ile ya kwanza ibaki palepale kando ya kitanda.

Tochi ya kwenye bastola humulika kule mtutu unakoelekea. Ukitaka kujua nani yuko jikoni saa tisa usiku, umeshamnyooshea silaha yenye risasi. Na nyumba zetu tunazijua: shemeji karudi kutoka shifti, mgeni anatafuta maji, mtoto kaamka. Kanuni ya Jeff Cooper, mwalimu maarufu wa silaha wa Marekani, inayofundishwa sana huko, inakataza kuuelekeza mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiangamiza.

Nafasi ya kwanza: ya mkononi

Angalia swichi kabla ya kushangaa namba za lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye boksi. Iwe mkiani, ibonyezwe kwa kidole gumba, na mbonyezo wa kwanza utoe mwanga wote. Zile zenye mwanga wa kupepesa na wa ishara ya SOS ni balaa: umeshtuka usingizini, unabonyeza, sebule inageuka disko. SureFire G2X Tactical ina kiwango kimoja tu cha mwanga, ndiyo maana naipenda. Streamlight ProTac 2L-X hutoa lumeni 500, na inakubali betri mbili ndogo za aina ya CR123A au moja ya kuchaji ya aina ya 18650. Ndani ya nyumba, lumeni hizo zinatosha kabisa. Ielekeze kwenye dari nyeupe, chumba kizima kinaonekana bila kumnyooshea mtu chochote.

Ubaya wake ni kwamba inakula mkono mmoja, nawe una mlango wa kufungua, mtoto wa kubeba na simu ya dharura ya 911 ya kupiga. Kupiga bastola huku umeshika tochi kunahitaji mazoezi, tena ya kweli.

Nafasi ya pili: ya kwenye bastola

Hapa Streamlight TLR-1 HL, lumeni 1,000, ndiyo chaguo la mwenye akili na bajeti. SureFire X300 Ultra ni ngumu kama chuma cha reli, ila bei yake ni karibu mara mbili. Hakikisha bastola yako ina reli ya kuifungia, yaani mifereji chini ya mtutu, na ujue kwamba bastola yenye tochi huenda isiingie tena kwenye ala (mfuko wa kuibebea) uliyonayo.

Epuka swichi inayokaa chini ya kikingio cha kifyatulio. Mwaka 2010 huko Plano, Texas, polisi mmoja alimuua mtu kwa risasi, akaeleza kuwa alikusudia kuwasha tochi iliyofungwa kwenye bastola yake.

Kwa shotigani au raifo, tochi ya kufunga inapanda thamani, maana mikono yote miwili ina kazi.

Mkiani: nakala za bei chee za mtandaoni

Mtikisiko wa risasi chache tu unaweza kuzizima. Ziache.

Kuhusu betri, alkali zikikaa sana huvuja na kula tochi kwa ndani, wakati CR123A za lithiamu hukaa kabatini hadi miaka 10. Usichanganye mpya na iliyotumika, zinaweza kupata moto na kulipuka.