Brevis ya namba C kwenye milima ya Mbeya: uzoefu wangu

Milioni saba. Kwa pesa hiyo hapa Mbeya unanunua pikipiki mpya mbili ukabaki na ya bima, au unaiweka pembeni na kuitafutia mwenzake ndipo upate Toyota IST ya namba D (usajili mpya kuliko C) iliyotulia. Mimi nilinunua Toyota Brevis Ai250 ya mwaka 2003, namba C, silinda sita, lita mbili na nusu, kiti cha dereva cha umeme, urembo wa mbao milangoni na kwenye usukani. Nimeishi nalo majira ya baridi na ya masika, na watu wananiuliza sana, pale Kabwe na hata kanisani, nalimudu vipi. Najibu hapa kwa kirefu.

Bei hiyo haikutokana na ubovu. Brevis inauzwa rahisi kwa mambo mawili ambayo dalali yeyote wa Mwanjelwa atakutajia kabla hamjamaliza kusalimiana: inakunywa mafuta, na injini yake ni D4, yaani ile inayoingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Yote mawili ni kweli. Toyota waliitengeneza kati ya 2001 na 2007 na kuiuza Japani tu, kwa mtu mzima aliyetaka starehe ya Crown lakini ndani ya gari fupi, la mita 4.55, lisilomsumbua kwenye vichochoro. Hofu ya Watanzania juu ya mafuta na D4 ndiyo iliyolishusha gari hilo mpaka mfukoni kwangu, na nashukuru.

Kuliagiza leo kutoka nje sikushauri kabisa. Gari lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu, na injini iliyozidi cc 2,000 ina kiwango chake cha ushuru wa bidhaa. Ukijumlisha, kodi inalipita gari lenyewe. Hili ni gari la kununua mkononi, kwa mtu aliyelichoka, ukiwa umekaa chini na kadi ya gari mezani.

Sasa kuhusu milima, maana hapo ndipo nilipolipenda.

Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Kwa hiyo IST ya cc 1,300 iliyokuwa inakimbia vizuri Dar, ikifika hapa inavuta kama ya 1,100. Mpakie watu wanne na gunia la viazi, halafu uipandishe Kawetire kuelekea Chunya. Utaisikia inalia mpaka unaionea huruma. Brevis ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 200. Toa sehemu ya hewa ya Mbeya, toa na uzee, bado inabaki akiba kubwa. Napanda Kawetire mguu ukiwa umelegea, mishale ya dashibodi imetulia, na tunaongea kwa sauti ya kawaida. Lori likiwa mbele linapumua, nasubiri sehemu iliyonyooka, nakanyaga, linapitwa mara moja na nimerudi upande wangu. Kwenye barabara zetu hizi kupita lori haraka ni usalama kabla ya kuwa raha.

Kuteremka nako kuna elimu yake. Naweka gia ya chini mapema, injini yenyewe inashika gari, na breki nazigusa tu kurekebisha. Anayejua mteremko wa Iwambi na ajali zinazotokea pale anaelewa kwa nini nalitilia mkazo jambo hili. Gari zito la otomatiki ukiliachia kwenye D mlima mzima, diski zinapata moto na pedo inaanza kuwa laini.

Mama yangu anaumwa mgongo. Yuko Tukuyu, na tarehe zake za kliniki ziko huku mjini. Zamani alikuja na Noah, akifika anahitaji siku nzima ya kulala. Sasa namfuata mwenyewe. Siti ya nyuma ya Brevis ina upana na ulaini ambao sijaukuta kwenye gari lolote la bei hii. Anajiegemeza, anavuta kanga, na mara nyingi tunapita Kiwira akiwa ameshasinzia. Safari ya kwanza tulisimama kununua ndizi, injini ikiwa inaunguruma taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona umelizima, tutaondokaje?" Hakuwa ameisikia. Kwa hilo peke yake milioni saba zangu zimerudi.

Hita ni habari nyingine. Gari lilikuwa limekaa Dar miaka mingi, na huko hakuna mwenye haja na joto, kwa hiyo fundi mmoja wa zamani alikuwa ameunganisha mipira ya maji moja kwa moja ili yasipite kwenye hita. Fundi wangu wa Soweto, hapa hapa Mbeya, alirudisha mabomba, akasafisha, akajaza kulanti. Juni na Julai Uyole inapokuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, nawasha hita, viti vya moketi vinapata joto, na wanangu wanagombea kukaa mbele. Ukinunua gari lililotoka pwani ukalileta nyanda za juu, mwambie fundi aangalie hilo siku ya kwanza. Aangalie na kifuniko cha rejeta. Maji huku huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na kinachoyazuia ni mgandamizo ambao kifuniko kile kidogo kinautunza. Kikichoka, gari ambalo Dar halikuwahi kuchemsha litachemsha mlimani.

Kuna vitu ambavyo wengine wanaviita kasoro na mimi nisingependa viondolewe. Kila nikiwasha, sauti ya mwanamke inanisemesha Kijapani kwa adabu kubwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za kulipia kule kwao, kinakumbusha kwamba kadi haijachomekwa. Fundi alitaka kukichomoa; nikamwambia akiache. Ramani ya kwenye kioo bado inaamini tuko Japani. Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya huko, 76 hadi 90, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya 90, kwa hiyo imefungwa konveta ndogo inayoshusha masafa. Namba inayosomeka haifanani kamwe na namba anayoitangaza mtangazaji, na nimeshazikariri zote. Alfajiri ukigeuza ufunguo, mishale ya dashibodi inawaka kwanza peke yake gizani, halafu namba zinajitokeza nyuma yake. Mtu aliyebuni hivyo alijali. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, huku Mbeya, najisikia kwamba alinijali na mimi.

Kioo cha mlango wa nyuma kushoto kinapanda kwa kusitasita wakati wa baridi. Rangi ya boneti imepauka. Kitasa kimoja kinataka kuvutwa kwa pembe yake. Nalipenda hivyo hivyo, na kwa sababu halina sura ya kuonea wivu, nalipaki sokoni bila kugeuka nyuma.

D4 sasa. Kwenye injini ya kawaida petroli inanyunyiziwa nje ya silinda, inapita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuzisafisha njiani. Kwenye D4 petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Valvu hazioshwi na chochote, na mvuke wa oili unaozungushwa kurudi kwenye injini unagandia pale na kuwa masizi. Matokeo yake ni sailensa isiyotulia: gari limesimama kwenye taa za Mafiati, usukani unatetemeka, mishale inacheza. Mafundi wengi hapo wanakimbilia kubadilisha plagi, kisha koili, kisha wanakuambia injini imekufa, tafuta nyingine. Dawa ni kufungua menifodi, yaani njia ya kupitishia hewa kwenye injini, na kusafisha masizi kwa mkono na dawa, kwa uvumilivu. Fundi wangu alishinda siku nzima akiwa amejikunja juu ya injini, akaniita jioni: "Dada, njoo usikilize." Sikusikia kitu. Tuliangaliana tukacheka wote wawili.

Pampu ya presha ndiyo ya kuogopwa hasa, kwa kuwa inalainishwa na petroli yenyewe. Maji au uchafu kwenye mafuta vinaila. Tangu 2010 mafuta yanawekwa vinasaba ili yaliyochakachuliwa yagundulike, na hali imekuwa nzuri kuliko miaka ile ya petroli yenye mafuta ya taa, lakini bado nina vituo ninavyojaza na nisivyojaza, na siachi tanki likauke mpaka taa iwake. Oili nabadilisha mapema kuliko stika inavyosema.

Mara moja koili ilikufa nikiwa napanda kutoka Kiwira. Gari likaanza kukohoa, taa ya injini ikawa inapepesa. Nilipunguza mwendo, nikasimama pazuri, nikampigia fundi, akanielekeza kwa simu namna ya kujua ni silinda ipi: chomoa waya wa koili moja moja, ile ambayo ukiichomoa mtikisiko haubadiliki ndiyo mbovu. Nilikuwa na koili ya akiba kwenye buti. Niliifunga mwenyewe, mikono myeusi, watoto wa shule wamesimama wanatazama. Nilifika Mbeya na furaha ambayo gari jipya lisingenipa.

Spea si tatizo kama watu wanavyodhani. Injini hii ya 1JZ-FSE iko pia kwenye Mark II na Verossa, kwa hiyo vya injini na vya miguu vinapatikana Mwanjelwa, au vinaagizwa Ilala, Dar, na kuletwa kwa basi. Vya bodi ndivyo vigumu. Taa ya nyuma nimeitafuta mpaka sasa. Kuhusu miguu, wengi watakushauri uweke spesa ili gari linyanyuke. Mimi sikuweka. Gari hili uzuri wake uko kwenye ulaini wa mwendo na jinsi linavyokaa kwenye kona. Ukilinyanyua, bolijointi zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake, na ule utulivu ulioununua unapotea. Niliweka bushi mpya na shokapu nzima, na barabara ya vumbi ya mtaani kwetu naipita polepole.

Mafuta. Mjini napata kilomita 7 kwa lita, safari ndefu 11 nikitulia. IST ya jirani yangu inapata 13 mjini. Mimi natembea kama kilomita 600 kwa mwezi, kwa hiyo namzidi jirani lita 40 hivi. Kwa petroli ya shilingi 3,000 ni laki na ishirini kwa mwezi, karibu milioni moja na nusu kwa mwaka. Lakini IST yake ilimgharimu milioni sita zaidi ya Brevis yangu. Itachukua miaka minne kabla hajaanza kunizidi, na miaka hiyo yote mimi ndiye ninayepanda Kawetire nikiongea kwa sauti ya chini. Tena tangu 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, maana yake siku gari linapolala uani halinidai chochote.

Kama kazi yako ni kubeba abiria, au unakwenda Tunduma kila siku, usiniige, hesabu itakugeukia. Hili ni gari la mtu anayetembea kidogo na anayetaka kila kilomita iwe na raha.

Ukiamua, nenda na fundi anayeijua D4 kwa majina ya watu aliowatengenezea. Pima kwa mashine. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa sababu unatakiwa kutolewa kila kilomita 100,000 na wauzaji wengi hawakumbuki. Jaribu gia likiwa baridi na likiwa moto, panda nalo mlima, usiishie kulizungusha lami ya Soweto. Hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia na mwende TRA pamoja kubadilisha umiliki. Na ulikague alfajiri, kabla halijawashwa, kwa sababu masizi ya D4 yanajificha injini ikishapata moto. Muuzaji akikuambia ameshalipasha ili usisubiri, mshukuru, uage, na umwambie utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi.