AC mbili za marehemu baba: moja nimeitengeneza, moja nimeiaga (Shangani, Mtwara)

Nianze na hesabu, maana najua wengi ndicho mnachokitafuta. AC ya chumbani kwa mama imenila 200,000 za kujaza gesi mara mbili, pesa zikaenda na maji, halafu nikanunua mpya kwa 1,250,000 na kuifunga kwa 170,000 pamoja na bomba na stendi. AC ya sebuleni, kampuni ileile, umri uleule, zilizofungwa siku moja, imenila 35,000 tu na hadi naandika hapa inapuliza. Kwa hiyo ukiniuliza nitengeneze au ninunue, sitakuuliza kwanza ina miaka mingapi. Nitakuuliza mashine ya nje imeangalia wapi.

Baba alizifunga mwaka 2013. Waliokuwepo Mtwara miaka ile wanakumbuka: kila mwenye nyumba Shangani alikuwa anapaka rangi, anaweka marumaru na AC, anangoja wageni wa kampuni za gesi asilia wapange kwa dola. Wetu walikaa mwaka mmoja na nusu wakaondoka. Wageni wakaenda, AC zikabaki, tukazirithi na nyumba. Bahari iko karibu kiasi kwamba usiku ukitulia unaisikia, na nguo ukizisahau kambani hadi asubuhi unazikuta zinanata.

Januari 2023 ile ya chumbani ilianza kupuliza upepo usio na ubaridi. Fundi akaja, akafunga geji ya kupimia presha ya gesi, akasoma, akatikisa kichwa. "Dada, gesi imekwisha." Akajaza, 90,000, chumba kikawa baridi kama Njombe. Novemba mwaka huohuo, joto lilipoanza kupanda, hadithi ileile, fundi yuleyule, safari hii 110,000 kwa sababu "gesi hii imepanda bei." Machi 2024 mama akaniita saa nane usiku. Nimeingia namkuta amekaa kitandani anajipepea na kipande cha boksi. "Mwanangu, hii sasa inanipulizia pumzi za mtu."

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu, na nikajifunza kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa laki mbili. Gesi ya AC haiishi. Si kama ya jikoni inayoungua. Inazunguka humo humo ndani ya bomba, inapoa, inapata moto, inarudi, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, imetoka, na kama imetoka kuna tundu. Fundi anayejaza bila kuuliza imepitia wapi ni sawa na mtu anayejaza upepo baiskeli kila asubuhi bila kuzamisha tyubu kwenye karai.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Mikindani. Alikuja na pikipiki, akaingia kumsalimia mama kwanza, wakaulizana ukoo hadi nikahisi AC imesahauliwa. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, akakaa chini kabisa mbele ya mashine ya nje, akafungua mfuniko. Geji hakuitoa hata kwenye begi. Alibonyeza kwa kidole gumba yale mapezi membamba ya alumini, yakamomonyoka kama maganda ya kitunguu kikavu. Ndani yake shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Akachukua chupa ya maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi, akapaka kwenye kona za chini za bomba, akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Vipovu vidogo, kama macho ya kamba, vinaota, vinapasuka, vinaota tena. Sehemu tatu.

"Hili naliziba leo," akasema. "Na lile, na lile. Mwezi ujao litatoboka la nne. Bomba limekonda lote."

Akanionyesha sababu kwa mkono tu. Mashine ile baba aliifunga ukuta wa upande wa bahari. Feni yake kazi yake ni kuvuta hewa na kuipitisha kwenye mapezi, na hewa ya hapo imejaa chumvi. Shaba na alumini zikigusana, ukaongeza unyevu wa chumvi, alumini inaliwa haraka na shaba nayo haibaki salama. Kaskazi ikivuma, miezi ileile tunayowasha AC usiku kucha, ndipo inapomeza chumvi zaidi. Ya sebuleni iko uani, nyuma ya ukuta na mwembe. Miaka 11 na mapezi yake bado yamesimama.

Nilimuuliza kuhusu kubadili koili nzima, yaani hilo bomba la shaba pamoja na mapezi yake. Alipiga simu Dar es Salaam nikiwa nimesimama pale. Koili 450,000 kama itapatikana inayolingana, bado nauli ya mzigo, gesi na ufundi. Tukafika kama laki sita. Halafu akanisomesha kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine: R22. Hiyo ni gesi inayoondolewa duniani kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ni wa 1987, na nchi zinazoendelea zimepangiwa kupunguza kwa awamu hadi 2030, ibaki kidogo tu ya kuhudumia mashine za zamani. Kwa hiyo aliyeniambia imepanda bei hakunidanganya kwa hilo, na haitashuka. Nikamuuliza kwa nini tusitie hizi gesi mpya. Akacheka. Mashine ya R22 ina oili yake na presha yake. R410A, mojawapo ya hizo mpya, ina presha kubwa zaidi na oili nyingine, ukiitia humo unaiua kompresa, ile pampu inayozungusha gesi. Laki sita kwa mashine ya miaka 11 inayokula gesi inayoadimika, hapana.

Mtandaoni nilikuta Wamarekani wana kanuni yao: zidisha umri wa mashine kwa gharama ya matengenezo kwa dola, ukizidi 5,000 nunua mpya. Nikaijaribu. Laki sita ile ilikuwa kama dola 230, mara miaka 11, unapata 2,500 na ushei, yaani kanuni inasema tengeneza! Kumbe imepigiwa hesabu ya mitambo yao mikubwa inayopoza nyumba nzima, siyo hizi zetu za ukutani. Kwetu kipimo chepesi ni bei ya mpya: matengenezo yakifika nusu yake, simama ufikirie. Na kama kilichooza ni koili, usisubiri hata hiyo nusu.

Sasa ya sebuleni. Siku hiyohiyo nikamwambia mzee, na hii nayo fundi wa kwanza aliniambia kompresa imekufa, nitafute nyingine. Ilikuwa mashine ya ndani inapuliza vizuri, ya nje inanguruma "ng'mmm" sekunde chache, inakata, inanyamaza. Mzee akazima suichi kubwa, akafungua, akatoa kikopo cha bati chenye ukubwa wa betri ya tochi kubwa. Kichwani kilikuwa kimevimba kama kopo la nyanya lililochacha. Kapasita. Ndiyo inayoisukuma kompresa iamke. Ya kwake mpya 20,000, ufundi 15,000, dakika ishirini hazikufika. Ikawaka. Mimi nilibaki nimeshika kile kikopo kilichovimba nikikumbuka kwamba nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya AC mbili.

Kwa hiyo mtu akikwambia kompresa imekufa, mwambie akupimie kapasita mbele yako. Ila usiifungue mwenyewe. Ile hutunza umeme hata ukishazima, na inapiga.

Kununua hakukuwa na mambo mengi. Chumba cha mama ni mita nne kwa nne, nikachukua inveta, yaani AC inayobadili kasi ya kompresa yenyewe, ya BTU 12,000 (ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza), inayotumia gesi mpya ya R32, mapezi yake yamepakwa rangi ya kuzuia kutu. Muuzaji alinisukuma nichukue 18,000, "upate baridi ya haraka." Baridi ya haraka siyo shida yetu Mtwara, shida yetu ni unyevu. AC kubwa kuliko chumba inapoza upesi, inajikata kabla haijakausha hewa, unalala kwenye baridi yenye unyevunyevu kama pangoni. Palikuwa na mtumba pia, 480,000, inang'aa kwa nje. Nilipiga magoti nikaangalia mapezi kwa nyuma. Nikainuka, nikaiacha.

Kufunga ndiko kulikonipa somo. Mzee alikataa kata kata kurudishia mashine ya nje palepale ilipokuwa. Tumeizungusha upande wa uani chini ya upenu, bomba likaongezeka mita tatu, pesa ikaongezeka, nikanung'unika kidogo nikalipa. Kabla ya kufungulia gesi alifunga pampu ya kunyonya hewa na unyevu kwenye bomba, ikanguruma zaidi ya nusu saa huku anakunywa chai na mama. Wapo mafundi wanaoruka hatua hii, wanafungua gesi kidogo tu "kusukuma hewa." Kwa R32 sitaki hata kusikia, maana nayo inashika moto, ingawa si kwa wepesi wa gesi ya jikoni.

Kasoro hazikukosekana. Wiki ya pili maji yakaanza kuchuruzika ukutani juu ya kabati la mama, mashine ilikuwa imeinama upande usio wa mpira wa kutolea maji. Mzee akarudi, akainyoosha, hakudai kitu. Taa ya mbele inawaka usiku kucha kama jicho la paka, nimebandika plasta. Na kubwa zaidi, inveta ina kadi ya kielektroniki kwenye mashine ya nje, na kadi ikiungua bei yake inauma. Umeme wetu mnaujua ukikatika unavyorudi kwa kishindo. Imebidi ninunue stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, 150,000 nyingine ambayo dukani hakuna aliyenitajia. Waranti nayo isomeni vizuri: kompresa miaka 5, vingine mwaka mmoja, na kutu ya chumvi haimo.

Umeme nimeupima mwenyewe, siyo maneno ya kwenye boksi. Nilisoma uniti kwenye mita ya LUKU saa tatu usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, usiku kadhaa kabla na usiku kadhaa baada, vitu vingine nyumbani vikiwa vilevile. Ya zamani, siku zake za mwisho ikihangaika bila kupumzika, ilikuwa inakula uniti 9. Mpya inakula 4. Uniti 5 kwa shilingi 356 ya wakati huo ni 1,780 kwa usiku, kama 53,000 kwa mwezi. Inavutia ukiisema hivyo. Lakini sisi tunawasha miezi mitano hivi, Novemba hadi Machi. Kusi ikishaanza mama anafungua dirisha. Kwa mwaka naokoa 267,000. Ile 1,420,000 itarudi baada ya miaka mitano na kitu, hapo stabilaiza sijaigusa. Kwa hiyo anayekushawishi utupe AC nzima, isiyovuja, eti mpya itajilipa kwa umeme, mwombe mkae chini mpige hesabu ya miezi unayoiwasha kweli. Mimi ya mama nimeibadili kwa sababu ya tundu, siyo kwa sababu ya LUKU.

Kila mwezi sasa nazima suichi kubwa, nachukua mpira wa bustani, naosha mapezi ya nje kwa maji baridi ya bomba, taratibu bila presha, kwa zote mbili. Mzee anasema baba angefanya hivi tangu mwanzo, hata ile ya upande wa bahari ingesogea miaka kadhaa mbele.

Mzoga wa zamani aliubeba kijana wa chuma chakavu kwa 40,000 baada ya kubishana sana juu ya uzito wa shaba. Gesi ya kutoa haikuwepo, ilishaondoka yote kwa vile vitundu vitatu.

Juzi ya sebuleni imeanza kulia "kwe-kwe-kwe" feni ya nje ikizunguka. Nimempigia mzee, nikamsogezea simu karibu aisikie. Akasema ni beringi, 30,000 pamoja na ufundi, atakuja Jumamosi. Mapezi nimeyaangalia, yako imara. Nimemwambia aje.