Kung'olewa Jino na Kupandikizwa Jingine Siku Hiyo Hiyo: Uzoefu Wangu

Jino langu la juu, la pili nyuma ya chonge, lilikuwa limetibiwa mzizi zamani, kisha siku moja nilipotafuna muhogo mkavu nikasikia mlio mdogo, na picha ikaonyesha kwamba mzizi umepasuka kwa urefu. Jino la namna hiyo haliokoki. Daktari wangu hapa Dar es Salaam alinieleza kwamba, kwa kuwa hapakuwa na usaha na ukuta wa mfupa wa upande wa shavu ulikuwa mzima, angeweza kuling'oa na kupanda palepale skrubu ya titani, yaani mzizi wa bandia wa kubeba jino jipya, badala ya kusubiri shimo lizibe huku mfupa ukisinyaa.

Kwa kuwa skrubu ni nyembamba kuliko shimo la mzizi, hubaki mwanya ambao hujazwa chembechembe za mfupa, kisha hufunikwa kwa utando wa kolajeni, protini inayotolewa kwa wanyama. Nilimwuliza vitu hivyo vimetoka kwa mnyama gani. "Mfupa ni wa ng'ombe, dada, lakini utando nilio nao ni wa nguruwe." Nilimwomba atafute wa ng'ombe, naye aliuagiza bila kinyongo. Waislamu wenzangu, ulizeni mapema, maana mtu akishapigwa ganzi hana nafasi ya kuuliza.

Siku yenyewe sikusikia maumivu, ila msukumo tu. Alililegeza jino taratibu kwa kifaa chembamba ili asivunje ukuta ule, akanionyesha zile chembechembe, nyeupe mfano wa chumvi ya mawe, zikiwa zimeloweshwa damu yangu mwenyewe. Usiku wa pili ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu shavu lilivimba hadi chini ya jicho. Wiki nzima niliishi kwa uji na mtori uliopoa, bila kunywa kwa mrija.

Kilichoniudhi ni bei. Makadirio ya kwanza hayakutaja mfupa wala utando, nikaambiwa siku tatu tu kabla ya upasuaji, na jambo hilo si haki kwa mgonjwa aliyekwisha kupanga fedha zake.

Nilikaa miezi mitano na pengo, kwani skrubu haikushika kwa uimara wa kubebeshwa jino mara moja, na nashukuru kwamba daktari hakunidanganya. Sasa natafuna upande huo bila wasiwasi. Fizi imepanda kidogo tu, na chakula hunasa upande mmoja, kwa hiyo kila usiku napitisha uzi na kijiburashi chembamba.