Skripti ya binti wa Bondeni, baada ya kuitumia wiki tatu

Natengeneza kompyuta Mwembe Tayari, Mombasa, na kwa miaka sita nimekuwa nikiweka vipande vya msimbo (maagizo ya kompyuta) kwenye folda moja: cha kubadili majina ya picha, cha kusafisha faili za mahesabu, cha kufuta nakala zilizojirudia. Vimefika 143. Kukipata kimoja ilikuwa kufungua faili moja moja, mteja amesimama mlangoni.

Binti wa jirani yangu Bondeni, aliyeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, Ramadhani hii, akaniandikia skripti, yaani programu fupi, ya mistari 58. Ukiwa na Python, huhitaji kusakinisha kitu kingine. Inasoma folda, inapanga majina na kuyapa nambari, na kando ya kila jina inatoa mstari wa kwanza wa maelezo ulioandikwa ndani ya faili. Wachapa nambari, kipande chatokea. Huo mstari wa kwanza ndio ulionikosha. Jina kama "safisha2" halisemi kitu, maelezo yanasema.

Ukichapa herufi inaanguka kwa ValueError, kosa la thamani isiyofaa, maana int, amri ya kugeuza maandishi kuwa nambari, haigeuzi "b". Hilo ni dogo, try na except, amri za kunasa kosa, zinalimaliza. Faili ya "10" nayo inakaa kabla ya "2", kwa kuwa sorted, amri ya kupanga, hulinganisha majina kama maandishi. Nimezipa majina ya 002 na 010, yamekwisha.

Kilichonitia hofu ni sifuri. Orodha inayotokea kwenye skrini inaanza na 1, Python inaanza kuhesabu na 0, kwa hiyo skripti inapunguza moja kwenye nambari uliyochapa. Chapa 0, yawa -1, na kwa Python -1 ni kitu cha mwisho kwenye orodha. Hakuna kosa linalotangazwa. Waletewa faili ya mwisho kimya kimya, na kwangu ya mwisho ndiyo ile ya kufuta nakala! Nilikuwa nimeshaibandika kwenye kompyuta ya mteja; alhamdulillahi niliisoma kabla ya kuiendesha. Heri ingeanguka.

Jioni nikampelekea. Alikaa barazani, akaongeza sharti moja: nambari iwe kati ya 1 na urefu wa orodha. Sasa sifuri inajibiwa "Nambari hiyo haipo, jaribu tena."

Anayeanza Python namshauri asome skripti ya namna hii, maana kila mstari unafuatika. Mimi nimemwomba aongeze kutafuta kwa neno. Vipande 143 havienei kwenye skrini moja.