Google Earth Pro: nilivyomtafutia mdogo wangu elki wa Colorado nikiwa Malindi

Mdogo wangu amehamia Grand Junction, Colorado, Marekani, na mwaka jana alipata leseni ya kuwinda elki jike, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Mlima haujui, wa kumwonyesha hana, na kazi yake ni ya usiku. Akanipigia: "Kaka, wewe ndiye mtu wa msitu. Nitafutie pa kuanzia."

Mimi naongoza wageni kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Elki sijamwona kwa macho yangu, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Nikapakua Google Earth Pro, ambayo ni ya bure, kwenye laptopu ya binti yangu. Kwa miezi miwili, kila baada ya isha, nikawa nazunguka Grand Mesa, mlima wenye kichwa bapa, juu zaidi ya mita 3,000, na maziwa yanayopita 300.

Lakini kabla ya Colorado niliifungua Malindi, na kila atakayeitumia kwa nchi ngeni ningemsihi aanze kwao. Nilitaka kusikia inasema nini kuhusu ardhi niliyoikanyaga. Nikaenda Marafa, pale Nyari, nikachora mstari kutoka ukingoni hadi chini ya korongo, nikafungua mchoro wa mwinuko, ule unaoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka. Ulitoka mteremko ambao hata mkokoteni ungeshuka! Aliyewahi kuteremka Nyari anajua magoti yanavyotetemeka. Nikaandika kwenye daftari: korongo jembamba hulainika kwenye mchoro, kwa hiyo penye mteremko wa wastani hesabu ukali.

Msitu wangu mwenyewe ndio ulionifunza zaidi. Ukiutazama kutoka juu, miti ya mrihi kwenye mchanga mweupe imeachana na rangi yake imepauka; upande wa udongo mwekundu vichaka vimebanana hadi huoni ardhi. Mpaka ule naujua kwa miguu miaka na miaka, na picha iliuchora palepale ulipo. Hapo nikaiamini kwa miti, ingawa si kwa miteremko.

Sasa, elki hula kwenye majani ya wazi na chini ya miti ya aspeni, na mchana hujificha kulala kwenye misonobari minene. Majani ya aspeni hugeuka manjano mwishoni mwa Septemba, misonobari hubaki kijani kizito. Programu hii inakuruhusu kurudi kwenye picha za miaka iliyopita, nami nikapekua hadi nikapata moja ya msimu huo. Mlima ukajigawa wenyewe mbele yangu, manjano huku, weusi kule, na kila rangi mbili zilipogusana karibu na maji nikaweka alama. Usiku ule sikulala mapema.

Kuna pia kitufe cha jua. Unasogeza saa, kivuli kinatembea juu ya ardhi. Kwetu jua hupita utosini, upande wa kilima haubadilishi jambo kubwa. Kule, nyuzi 39 kaskazini, miteremko inayotazama kaskazini hukaa kivulini, ina unyevu, na misonobari hushona huko. Nilikuwa nimeyasoma hayo bila kuyaelewa hadi nilipokisogeza kivuli kwa mkono wangu. Kwa kitufe hicho peke yake ningeipa nyota tano.

Lakini naipa nne. Upepo hautauona humo, na elki anakunusa kabla hajakuona. Mlimani hewa baridi ya usiku huteremka bondeni. Jua likishapasha miteremko, hewa hupanda. Nilimweleza mdogo wangu kwa lugha ya baba yetu aliyekuwa mvuvi: ni kama umande, upepo wa nchi kavu unaoitoa ngalawa alfajiri, kisha upepo wa bahari unaoirudisha. Akaelewa mara moja. Alfajiri akae chini ya mnyama, jua likipanda awe juu yake.

Mipaka ya ardhi za watu pia tuliitafuta kwingine, kwenye ramani ya wawindaji ya Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo hilo. Mtu asiingie mlimani bila kuikagua. Na kwa kuwa huko juu mtandao hakuna, alichapisha ramani za USGS, shirika la Marekani la uchunguzi wa ardhi, za kipimo cha 1:24,000, akanakili alama zangu kwa kalamu. Bando nalo, jiandae. Picha hizi zinalila.

Alama zilikuwa sita. Mbili hazikufikika kwa magogo yaliyoangukiana chini ya miti, kitu ambacho jicho la juu halikioni. Ya nne ilikuwa na kinyesi kibichi na majani yaliyolaliwa. Siku yake ya nne ya kuwinda, Oktoba ile, nikitoka msikitini kuswali alasiri, kwao kumepambazuka, ujumbe wa sauti ukaingia. Anahema. "Bismillahi nimesema, kaka. Yuko chini."

Nilisimama pale kwenye ngazi za msikiti nikausikiliza mara tatu.

Kilichobaki kilikuwa kuibeba nyama hadi kwenye gari. Kwa mchoro wa mwinuko nilimwandikia saa moja kwa kila safari. Hewa ni nyepesi, mzigo ni paja la mnyama wa zaidi ya kilo 200. Safari moja ilimchukua karibu saa tatu, na alikwenda mara nne, hadi usiku wa pili. Mwaka huu naweka alama zilizo juu ya barabara tu, ili mzigo uteremke.