Tathmini: akaunti ya mkopo ya duka la katalogi kwa anayejenga upya alama zake za mikopo

Akaunti ninayoitathmini hapa ni ya duka la Marekani linalouza kwa katalogi na mtandaoni, na linalomkopesha mteja bidhaa zake lenyewe: shuka, vyombo vya jikoni, televisheni, viatu vya watoto. Mkopo hutolewa na benki iliyoingia ubia na duka, lakini kikomo chake hakitumiki mahali pengine popote. Huwezi kujazia mafuta ya gari wala kulipia umeme. Sikuifungua kwa haja ya shuka. Niliifungua kwa sababu madeni yangu ya zamani yalikuwa yamefika mikononi mwa wakusanya madeni, benki zikawa zinaninyima kadi za kawaida, na duka hili likanikubali papo hapo kwa kikomo cha dola 300. Kwa hiyo nitaipima kwa kazi hiyo moja tu: je, inajenga upya alama za mikopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima kama mtu hulipa madeni yake, na kwa gharama gani?

Kazi yenyewe inaifanya. Alama za FICO, mfumo unaotumiwa na wakopeshaji wengi wa Marekani, zinazoanzia 300 hadi 850, hutegemea kwa asilimia 35 historia ya ulipaji na kwa asilimia 30 madeni uliyo nayo, hasa uwiano kati ya salio na kikomo. Umri wa akaunti, maombi mapya na mchanganyiko wa aina za mikopo hugawana asilimia zilizobaki. Hesabu hiyo haijali kama deni lilitokana na blenda au na tiketi ya ndege. Inachotaka kujua ni kama mdaiwa alilipa kwa wakati, mwezi baada ya mwezi, na hilo akaunti ya katalogi inaweza kulithibitisha sawa na kadi ya benki kubwa.

Inaweza, ikiwa tu taarifa zinafika zinakotakiwa kufika. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mkopeshaji kupeleka taarifa za wateja wake kwa taasisi zinazotunza historia za mikopo. Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia taarifa za mikopo, pamoja na marekebisho yake, humbana anayezipeleka azipeleke zikiwa sahihi, basi. Ndiyo maana zipo akaunti za katalogi zinazotangaza kikomo kikubwa bila kuchunguza historia ya mtu, zikatoza ada ya uanachama kila mwezi, kisha zikapeleka taarifa kwa taasisi moja tu au zisipeleke kabisa. Kwa lengo hili, hizo ni hasara tupu. Akaunti yangu inaripotiwa kwa taasisi zote tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, na nimehakikisha kwa macho yangu kupitia AnnualCreditReport.com, ambako taarifa zote tatu hupatikana bure kila wiki. Ukurasa wake hauna mapambo: kikomo, salio, tarehe ya kufunguliwa, na safu ya miezi yenye alama ya vema kila mahali nilipolipa. Safu hiyo ndiyo bidhaa niliyoinunua. Mengine yote ni vifungashio.

Na vifungashio hivyo ni ghali. Blenda niliyoichagua ilikuwa ikiuzwa dola 79 katika maduka ya kawaida, jina lilelile na nambari ileile ya modeli. Kwenye katalogi ilikuwa dola 119. Riba ya akaunti ni asilimia 29.99 kwa mwaka, kiwango kinachomtisha kila mtu, lakini fanya hesabu: riba ya mwaka mzima juu ya dola 119 ni kama dola 36, ilhali bei pekee imekwisha kunyofoa dola 40. Maana yake ni kwamba hata mteja mwangalifu anayelipa ankara yote kabla ya riba kuanza kuhesabiwa amekwisha kulipa, ndani ya bei, zaidi ya riba ya mwaka. Wengi wanaoisifu huduma hii husema hawajawahi kulipa riba, na ni kweli. Ila hawakuuliza bei ya kitu hichohicho dukani pengine. Tovuti nayo haiwasaidii kuuliza. Chini ya picha ya kila bidhaa kumeandikwa kwa herufi nene malipo ya mwezi, dola chache tu, na bei kamili imewekwa pembeni kwa herufi ndogo za kijivu. Wakati wa kulipia hujitokeza pia kisanduku cha bima ya malipo, ambayo ni ya hiari, ingawa mpangilio wa ukurasa unaifanya ionekane kama hatua ya lazima. Nilikiacha bila kukitia alama.

Matumizi yenye faida, basi, ni madogo mno. Kununua kitu cha dola 25 kwenye kikomo cha 300 kunaacha uwiano chini ya asilimia 10, na kunatosha kabisa kuonyesha akaunti iko hai. Anayejaza kikomo chote kwa televisheni anajiharibia sehemu ile ya asilimia 30 hata kama hajachelewa siku moja. Kuhusu kuchelewa, ankara lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, na malipo yaliyochelewa huingia kwenye taarifa za mikopo yakipitisha siku 30. Kabla ya hapo utatozwa faini tu. Yakishaingia hukaa miaka 7, sawa na yale ya zamani ninayojaribu kuyafunika. Niongeze hapo kwamba akaunti mpya haifuti lolote la nyuma.

Wanaokosa akaunti kamili wakati mwingine hupewa mpango wa awamu wenye kianzio na malipo machache. Usikimbilie kuumaliza mapema ukidhani ni sifa, maana ukilipa wote mara moja historia inayobaki ni fupi.

Nikiulizwa, ningemshauri mwenye dola 200 za kuweka amana aombe kwanza kadi ya benki inayodhaminiwa na amana. Inaripotiwa vilevile, inanunua chakula na mafuta ambavyo ungevinunua hata hivyo kwa bei ya kawaida, na amana hurudi. Katalogi inabaki kwa yule ambaye hata dola hizo 200 hawezi kuzifungia mahali kwa sasa, na kwake ninaipa nyota tatu kati ya tano: inatimiza kazi, inaripoti kwa uaminifu, inauza kwa bei isiyo ya haki.

Mimi sasa nina kadi ya amana, na katalogi naitumia mara mojamoja kwa vitu vidogo ili isifungwe kwa kukaa bila matumizi. Hata ikifungwa, akaunti iliyolipwa vizuri huweza kubaki kwenye taarifa hadi miaka 10, kwa hiyo sitalazimika kununua blenda nyingine.